Hesabu Mpaka Kumi

Makoti yetu ya mlimani yalikatwa kwenye mablanketi ya reli. Mama aliyatandaza mezani, mablanketi mawili ya kijivu yaliyochakaa pembeni, akachora kwa chaki, akakata, kisha akayapitisha kwenye Singer yake huku akigombana na sindano. Ilikuwa Nateete, Januari 1991, shule zimefungwa, na jua likiunguza mabati hata paka hapandi juu. Wateja waliokuja kuchukua magauni yao ya gomesi walishika ule mshono mzito wakauliza, haya ya nani? Mama aliwajibu bila kuinua uso: "Ya watoto. Baba yao anawapeleka kuona theluji."

Walicheka. Mama naye alicheka, lakini mguu wake haukutoka kwenye kanyagio.

Nilikuwa na miaka 13. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na 10, na kitinda mimba wetu alikuwa ndiyo kwanza ametimiza mitano. Theluji tuliijua kama jibu la mtihani. Mwalimu akiuliza mlima gani wa Uganda una theluji, darasa zima liliitikia "Rwenzori!" na akiuliza urefu wa kilele cha Margherita tulijibu mita 5,109 kwa sauti ileile ya kukariri. Hakuna aliyeuliza inafananaje, inanuka nini, inauma au haiumi. Mwalimu mwenyewe hakuwa ameiona. Baba ndiye aliyekuwa ameiona, tena kwa mbali, kupitia dirisha la behewa.

Baba alikuwa mtu wa reli tangu ujana wake, tangu reli ilipokuwa moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na vichwa vyake vya treni na madeni yake, naye akabaki na njia yake ya Kasese. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na inapotoka Kampala hupita Nalukolongo, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwetu. Usiku honi ilipolia tulijua kwa sauti yake kama treni inaondoka au inarudi. Mgodi wa shaba ulikuwa umeshasimama mwanzoni mwa miaka ya themanini, lakini treni iliendelea kubeba watu, ndizi, mkaa na saruji ya Hima, na kumbeba baba yetu.

Alikuwa na hesabu yake: katika safari mia, mlima hujifunua mara tatu. Safari zile nyingine tisini na saba abiria wanashuka Kasese, wanakunywa chai, wanafanya biashara zao na kuondoka bila kujua kwamba nyuma ya mawingu yale kuna kitu. Siku moja alfajiri aliuona wote, mweupe, umekaa juu ya mawingu badala ya kuwa chini yake. Abiria mmoja mama mtu mzima akamwambia, "Mwanangu, wingu lile mbona halitembei?" Kisa hicho Baba alitusimulia mara nyingi sana. Mwisho nadhani alichoka kusimulia, akaona ni nafuu kutupeleka.

Lipo jambo la lugha, nalo lina sehemu yake katika habari hii. Baba alikuwa mtu wa mashariki, upande wa Tororo, na Mama Mganda wa hapa hapa Nateete. Kwa Mama tulisema Kiganda, na kwa Baba Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa chakula chake kazini, kuanzia Mombasa hadi Kasese. Lakini Kiswahili hapa Kampala kilikuwa kimechafuka jina. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi kikabaki kuwa sauti inayogonga mlango usiku: fungua, lala chini, leta kitambulisho. Mtoto ukiitikia "Naam, Baba" uani, wenzako wanakuita mwanajeshi. Nilijifunza mapema kumjibu Baba kwa sauti ya chini.

Tulisafiri kwa pasi ya familia ya mfanyakazi, daraja la tatu, katikati ya magunia. Tulipofika Bujuko, bado hata Mityana hatujaiona, mdogo wangu aliruka akaanza kuvaa koti lake. Alikuwa amemsikia Baba akisema tutafuata mto Bujuku hadi kwenye baridi. Behewa zima lilivunjika mbavu pale Baba alipomweleza kwamba hii ni Bujuko ya njia ya Mityana, na ile ni Bujuku ya mlimani, na kati ya o na u pana usiku mzima wa safari. Alilivua, akalikalia. Usiku ule magurudumu yalituimbia, nikalala nimeegemea gunia la maharage, na nilipoamka tulikuwa tumeshapita Kamwenge na treni ikiteremka kwenye Bonde la Ufa, mafunjo yakiwa kijani chini yetu kama shamba lisilo na mwenyewe.

Kasese ilitupokea kwa joto kali kuliko la Nateete. Tulisimama stesheni na makoti yetu kwenye gunia, jasho linatiririka, na mbele yetu hapakuwa na mlima wowote, ila ukuta wa mawingu. Mama alimtazama Baba. Baba akatazama saa yake, kana kwamba mlima umechelewa.

Rafiki yake wa reli, Mkonzo kwa kabila, alitupeleka Ibanda, chini ya mlima, kwa kaka yake ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza watu mlimani. Huyo mzee nitamwita Mzee, kama tulivyomwita. Alikuwa mfupi, amevaa gambuti nyeusi zilizokatwa juu kidogo ili zisimkwaruze goti, na mkononi alikuwa na fimbo laini kwa kushikwa. Baadaye nilielewa gambuti zile. Wageni wengi huja na viatu vya bei kubwa, na Rwenzori huvinyonya. Matope yake hufika katikati ya muundi, na kiatu kinachokufaa ni kile kile cha mchunga ng'ombe na mwosha magari. Sisi tulipewa gambuti za kuazima, zangu zikiwa mbili za mguu wa kushoto, nikazivaa hivyo hivyo.

Mzee alikuwa amezoea wazungu wanaotaka kufika kileleni upesi ili warudi upesi. Familia yenye mama na mtoto wa miaka mitano alikuwa hajaiongoza. Alituzunguka akitupima kwa macho, akacheka kidogo alipoona Mama amevaa suruali ya Baba chini ya gauni, kisha akatoa amri yake moja, kwa Kiswahili cha upande wa Kongo: "Mutoto mudogo aende mbele. Bakubwa bafuate."

Baba alitaka kubisha. Mzee akamweleza kwamba mtu mkubwa akitangulia, mtoto humkimbilia mpaka achoke. Mtoto akitangulia, mkubwa hujifunza kusubiri. Na mlima huu ukiukimbilia hukupa kichwa kinachouma na kutapika. Hivyo ndivyo tulivyoanza kupanda Rwenzori, kitinda mimba mbele na Baba, mtu wa treni, wa mwisho, akitembea mwendo ambao hajawahi kuutembea maishani mwake.

Na kile Kiswahili! Mzee alisema "batoto" na "baridi mingi," Baba alisema Kiswahili chake cha stesheni, wapagazi walichanganya na Kikonzo, na sisi watoto tulijibu kwa sauti zetu zote bila mtu kutuita wanajeshi. Njia nzima ile lugha iliyokuwa ikigonga milango kwetu ilikuwa ikisema shika hapa, kanyaga jiwe hili, pumzika, kunywa maji. Nimewahi kujiuliza kama Baba alijua atatupa na hilo.

Siku ya kwanza ni ya msitu. Kutoka Nyakalengija, kama mita 1,600 juu ya bahari, njia inafuata mto Mubuku kisha inakupandisha kwenye mgongo wa kilima bila huruma. Mzee hakuwa mtu wa kutuhutubia. Alisimama tu, akanyoosha fimbo, akanyamaza mpaka mmoja wetu aone. Mara ya kwanza ilituchukua dakika nzima kumwona kinyonga mwenye pembe tatu puani kama kifaru aliyepunguzwa, rangi moja na jani alilolikalia. Mara ya pili alikuwa shorobo, ndege wa kijani na buluu ambaye ukimwona ametulia humdhanii kitu, ila akiruka mabawa yake yanafunguka mekundu kama kitambaa cha ndani ya koti la tajiri. Mama, mwanamke wa nguo, alisema rangi ile hajawahi kuipata dukani.

Tulilala Nyabitaba, mita 2,651, tumekwisha kabisa. Usiku kitu kilianza kulia mtini, mlio unaopanda na kukwaruza kama mlango wa kutu unaofunguliwa na mtu anayekabwa. Kitinda mimba akaingia chini ya mkono wa Mama. Mzee akasema ni perere tu, mnyama mdogo kama sungura. Mwenye sauti kubwa usiku mara nyingi ni mdogo mchana. Asubuhi Mama aliamua kubaki pale na mtoto na mpagazi mmoja. "Mimi nimefika," alisema, akakaa juani, akatoa sindano na uzi akaanza kushona kifungo kilichochomoka. Sikuona kushindwa kokote usoni pake.

Siku ya pili unateremka hadi mahali Mubuku na Bujuku inapokutana, unavuka daraja, na ghafla msitu unabadilika kuwa mianzi. Hewa ya mle ni kijani, na kila mwanzi ukiguswa unakumwagia maji shingoni. Kisha mianzi nayo inaisha, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu sikuwa na jina la nilichokiona. Miti ilikuwa imepindana kama wazee wenye yabisi, shina hadi tawi limevikwa kuvumwani nene la manjano na nyekundu, na kila tawi linaning'iniza nywele ndefu za kijivu zilizotikisika hata bila upepo. Ukiegemea shina, mkono unazama hadi kiwiko kabla ya kugusa mti. Mguu ukikosa jiwe, unazama hadi goti kwenye mizizi.

Ile ilikuwa miti ya erika. Mahali penyewe panaitwa Nyamileju, Mzee akatuambia maana yake ni penye ndevu. Mdogo wangu alipoligeuza jina lile mdomoni akagundua, ndevu na ileju, ni mtu na binamu yake! Alifurahi kana kwamba amefumbua kitendawili, na Mzee akamkabidhi kitita cha zile nywele akivae kidevuni. Alikivaa kwa hatua kumi. Kisha Mzee akaomba kirudishwe, akakitundika kwenye tawi lake. Sikuliona jambo hilo kuwa na maana. Nilidhani ni usafi tu.

Tulilala kwenye kibanda cha juu zaidi, karibu mita 3,400. Leo pale panaitwa kwa jina la John Matte, Mkonzo wa Ibanda aliyekuwa akiwapangia wapandaji wapagazi na viongozi kwa miaka mingi. Tulikula bundu, ugali wa muhogo unaovutika, kwa sombe, yaani kisamvu. Baridi iliingia kwa chini, kupitia mbao za sakafu, ikapanda mifupani. Mzee alilishika koti langu akalisugua kati ya vidole, akasema, "Hii ni blanketi ya treni." Kaka yake alikuwa nalo kama lile. Akatuambia kwamba Wakonzo huiita theluji nzururu, na juu kwenye nzururu hukaa Kitasamba, ambaye wazee wao walimpelekea maombi yao kwa kusimama chini na kutazama juu. Kupanda hadi kwake ni jambo la wageni. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi alikuja kutoka Italia na msafara mkubwa wa wapagazi akavipanda vilele vyote vikubwa, akavipa majina. Margherita lilikuwa jina la malkia wa kwao. Mdogo wangu akauliza, kabla ya hapo kilikuwa hakina jina? Mzee akasema, "Kilikuwa na mwenyewe."

Alfajiri alituamsha gizani. Tulitoka sisi wanne, Mzee, Baba, mdogo wangu na mimi, tukafika ukingoni mwa kinamasi kikubwa wakati kunapambazuka. Nyasi zake huota katika mafungu kama vichwa vya watu waliozikwa wima, na unavuka kwa kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kila unywele wa kila kichwa ulikuwa umeganda sakitu nyeupe. Na juu ya vichwa vile walisimama watu, au nilivyodhani ni watu: senesio warefu kuliko Baba, shina nene lililojifunga majani yake makavu, kichwani wamevaa majani mapana yaliyofumbwa. Mzee alieleza kwamba senesio haangushi majani yaliyokufa. Huyavaa. Ni koti lake. Na usiku hufumba majani mabichi ili kulinda moyo wa katikati, jua likipanda hufumbua.

Kisha akachuchumaa mbele ya mmea mwingine, lobelia, majani yake yamepangika kwa mzunguko kama waridi kubwa la kijani lenye ukubwa wa karai. Katikati ya majani palikuwa na maji, na juu ya maji palikuwa na kioo. Alikidonoa kwa ukucha, akakizungusha taratibu, akakitoa kizima: kisahani cha barafu, chembamba pembeni na kinene katikati, ndani yake mmeganda viputo vidogo na mdudu mmoja mweusi.

Alikiweka mikononi mwangu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kushika baridi. Nilidhani imenichoma. "Hesabu mpaka kumi," Mzee akasema. Nikahesabu kwa Kiswahili, kwa sauti kuu, mvuke ukitoka kinywani. Nilipofika kumi akakichukua akampa mdogo wangu, naye akahesabu kumi, haraka mno, akaambiwa aanze upya. Kisha Baba. Mkono wa Baba ulikuwa na ngozi ngumu ya kazi, nikaona anakishika kama kitu kilichotoka kuzaliwa. Alihesabu polepole kuliko sisi sote.

Mdogo wangu akatoa kopo la kahawa alilokuwa amelificha kotini. Alikuwa amepanga tangu Nateete: atamletea Mama. Mzee akatikisa kichwa. Akamwelekeza aweke kidole kwenye maji yaliyokuwa chini ya barafu. Mtoto akatumbukiza, akashangaa: maji ya chini yalikuwa na baridi, lakini hayakuwa yameganda, na katikati yake, chini kabisa, palikuwa na chipukizi laini. Barafu ya juu ndiyo inayozuia maji ya chini yasigande, na maji ndiyo yanayokilinda kichanga. "Hii ni blanketi yake," Mzee akasema, na akatazama makoti yetu. "Baridi iko mingi bado." Akakizungusha kile kisahani, akatafuta pembe yake, akakirudisha mahali pake kama mtu anayefunika sufuria.

Tukiwa tumesimama pale mawingu yalipasuka. Juu, mbali, juu kuliko mahali nilipokuwa nikitazama, palikuwa na weupe. Haukuwa weupe wa shuka wala wa maziwa. Ulikuwa na buluu ndani yake. Baba hakusema neno. Labda ni dakika tano, labda tatu, kisha wingu likafunga, na Baba akatazama saa yake, akaridhika: mlima ulikuwa umefika.

Mwaka huohuo Rwenzori ikatangazwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tulidhani tungerudi. Lakini mwishoni mwa 1996 waasi wa ADF waliingia kutoka Kongo, mlima ukawa uwanja wa vita, na hifadhi ikafungwa tangu 1997 hadi 2001. Kabla muongo ule haujaisha, treni ya Kasese nayo ilinyamaza. Nyasi ziliota kati ya reli, kisha vibanda vya nyanya na mitumba vikasogea. Mzee hatukumwona tena. Baba alifariki akiwa na pasi yake ya mwisho kwenye pochi, haijagongwa mhuri.

Kuhusu ule weupe, wanasayansi wamepima. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika kama kilomita za mraba 6.5. Mwaka 1987 zilikuwa zimebaki kama 2. Kufikia 2003, haikufika hata kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imeendelea kupungua. Nilipoisoma hesabu hiyo nilitafuta mwaka wangu katikati yake. Tulichokiona asubuhi ile kilikuwa tayari ni mabaki.

Mdogo wangu sasa ni muuguzi kaskazini mwa Sweden, mji wa Kiruna. Alipokwenda kule nilimwonea huruma, yeye akacheka. "Dada, nimehamia Kasese," aliniambia. Mji wa mgodi, isipokuwa wao wanachimba chuma, na reli iliyojengwa kwa ajili ya madini hayo inapita milimani hadi bandari ya Narvik. Tofauti ni kwamba yao bado inatembea. Familia yake hupanda treni hiyo kwenda Abisko, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1909, karibu kilomita 200 kaskazini mwa Duara la Aktiki, na huko huwafuata viongozi wanaotembeza familia kwenye msitu wa betula na juu zaidi, kwenye uwanda usio na miti unaoitwa tundra.

Ni yeye aliyenifafanulia jambo nililolibeba bila kulielewa. Kule, anasema, ukipanda juu miti inapiga magoti. Betula inakuwa ya kimo cha mtu, kisha kiuno, kisha kuna aina inayobaki karibu na ardhi, na mierebi inayotambaa kama zulia. Baridi yao ni ya miezi, mimea ina wiki chache tu za kuishi na kuzaa, na anayejificha chini ya theluji ndiye anayepona upepo. Kwetu baridi ni ileile lakini imegawanywa: haina majira, ina saa. Inakuja kila usiku wa mwaka na kuondoka kila asubuhi. Mmea hauwezi kuisubiri ipite, lakini pia una mchana wa kukua siku zote 365. Ndiyo maana mimea ambayo jamaa zake wa mbali ni majani ya kukanyagwa, kwetu imekuwa mirefu kuliko baba wa mtu, na kila mmoja amejishonea koti. Aliyezieleza vizuri tabia hizi ni Msweden, Olov Hedberg wa Uppsala, aliyekuja kwenye milima yetu mwaka 1948. Mdogo wangu alifurahi sana kumgundua. Mimi nilimwambia, Mzee alitueleza kwa neno moja: blanketi.

Nilirithi Singer ya Mama na kibanda chake cha ushonaji, hapa hapa Nateete. Septemba iliyopita, mchana wa mvua, kinamasi cha Lubigi kimejaa na maji yameshaanza kuingia barabarani, simu ililia. Ilikuwa simu ya picha. Nikaona kilima chekundu kabisa, kana kwamba kimemwagiwa pilipili. Mdogo wangu akasema ndiyo tundra yenyewe, majani yanabadilika kabla ya baridi. Kisha akageuza simu chini. Binti yake wa miaka saba, mwenye kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi, alikuwa amechuchumaa kando ya kidimbwi kidogo kati ya mawe. Alikuwa ametoa bamba jembamba la barafu, linapitisha mwanga, na glavu zake ameziweka pembeni.

"Mwambie Shangazi unafanya nini," baba yake akasema.

Hakuniambia. Alikuwa na kazi. "Moja," alisema, "mbili, tatu," kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kule, akisita kidogo kwenye sita, akiruka saba, akiambiwa arudi. Niliisimamisha mashine ili nisikie. Nyuma yangu mteja aliyekuwa akisubiri gomesi yake akauliza yule mtoto anahesabu nini. Nikamwashiria anyamaze.

"Kumi," mtoto akasema. Akainama, akalizungusha bamba lile mara mbili akitafuta pembe yake, akalirudisha juu ya maji.